Mekanisien wa Inje ya Griyaje

Mekanisien hakukuwa anapandaka pikipiki. Alikuwa anazifungua, anazilalisha chini, anazirudishia pumuzi, lakini yeye mwenyewe kwenda mu town alikwenda na kinga, ile kinga nyeusi ya zamani ya kukanyaga na miguu, suruali imefungwa na kamba isiingie mu munyororo. Shemeji yangu Léontine alimuuliza siku moja juu ya nini hapandi. Akajibu bila kuinua kichwa:

— Mama Léontine, mwenye kuchimba makaburi, analalaka mule?

Njo namna yake ya kusema. Unamuletea neno ya kuchekesha, anakurudishia neno ya kukufunga kinywa.

Tulikaa naye avenyi moja ku Katuba, parseli kwa parseli, ukuta moja ya matofali katikati. Juu ya ule ukuta kulipita chumvi, kulipita makaa, na kulipita makelele ya bibi yake Julienne kila siku alipokuta mafuta ya moteur ndani ya sufuria yake. Bantu bote balimuita Mekanisien, hata padri, hata bajukuu yake. Na miye nitamuita vile.

Pikipiki za sasa, zile za bavijana ba kubeba bantu, alizitengeneza juu ya kula. Roho yake ilikuwa ku zile za zamani, zenye zilibakia tangu wakati ya Babeleji: za mapadri, za bantu ba posta, za bakubwa ba mine. Zilikuwa zinalala mu madepo, chini ya mavumbi na mavi ya popo. Siku kampuni inataka kusafisha depo yake, inaziuza mu munada, mbele ya bantu bote, na nyundo. Na pale banakuyaka bantu toka Ndola, toka Joburg, bantu benye hawatafuti kitu ya kupanda. Bananunua pikipiki yenye miaka kupita yangu, banaipangusa, banaiweka mu salon kama mugeni.

Kwa bantu ba vile, Mekanisien alitufundisha, kitu moja tu njo inaangaliwa: namba. Kuko namba ya shingo, pale gido, ile ya kushika na mikono, inaingia ku chuma. Kuko namba ya tumbo, ku moteur. Na zote mbili zinapashwa kuwa mu karte roze, ile karatasi ya serikali ya pikipiki. Kama moja iko ya uongo, usiseme una pikipiki. Una chuma yenye bamepaka rangi.

Alikuwa na karatasi nyembamba ya ndani ya pakiti ya sigara, na kalamu ya mukaa. Anaweka karatasi juu ya namba, anasugua pole pole, namba inapanda. Kisha anaisoma mu jua, muda murefu, sawa muntu anasoma barua ya kilio. Nilimusikia anasema: «Huyu saba hakuzaliwa na bandugu yake.» Ilikuwa kweli. Bengine bote balikuwa bembamba, ule saba alikuwa munene, bamemupiga nyuma na nyundo ya kijiji.

Alikuwa na maneno mingi ya vile. «Pikipiki ya munada ni bibi ya ku foto: sura unaiona leo, kikohozi utaisikia mu nyumba.» Juu ku munada, muyue, hauruhusiwe kuwasha moteur. Hauruhusiwe kufungua kitu. Unaangalia na macho, unalipa, unabeba. Ukifika kwako ukakuta ndani mulikuwa nyumba ya panya, ni panya yako.

Alikataza muntu yote kununua ku munada. Na yeye hakukosa munada hata moja. Asubuhi ile alikuwa anaoga, anavaa shemizi nyeupe ya Misa, anaweka kofia yake ya kitambaa ya bulu. Julienne anasimama ku mulango, mikono ku kiuno:

— Bajirani, mukuye muone! Bwana yangu anaenda kuposa tena!

— Ninaenda kuangalia tu.

— Njo vile ulisema kwa baba yangu.

Ku garaje yake alikuwa muntu wa kunyamaza, unaweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka ugali ya saa sita usisikie maneno kumi. Lakini mbele ya kilema ya pikipiki, ulimi yake haikusimama. Njo ile ilimufukuzisha. Mwalimu Sébastien wa masomo ya batawa alikuwa anataka pikipiki nyekundu, nzuri, inangaa. Mwenye nyundo, muzee Odilon, alikuwa amekwisha kuanza kupandisha bei. Mekanisien akapiga makelele mbele ya bantu bote: «Ile moteur imekamata! Hata ng'ombe kumi haziwezi kuizungusha!» Bantu bakacheka, bei ikaanguka kama jiwe mu kisima. Odilon akaweka nyundo chini.

— Weye, inje. Na siku nikiona hii sura ndani ya lupango yangu, nitafunga munada na bantu batakupiga beye benyewe.

Tangu siku ile Mekanisien alisimama inje ya griyaje, ule ukuta ya waya, upande wa barabara, macho ndani ya matundu. Na juu banunuzi balikuwa banapatana bei ku telefone, Odilon aliamuru telefone zote zibakie ku mulango, ndani ya kitunga. Basi mwenye kununua anapandisha mukono ndani, Mekanisien yuko inje, namna gani ya kusemezana? Akatafuta dawa yake. Kichwa wazi, kofia mu mukono: endelea. Kofia ku kichwa: acha, imekwisha. Bantu ba Katuba bote benye balinunua ku munada balinunua namna ile, shingo imegeuka, macho ku kichwa ya Mekanisien.

Sasa nifike ku mutoto yangu Kalenga.

Kalenga ni wa tatu, nyuma ya Ilunga na Feza. Alikuwa na atelier ya kushona karibu na soko, mashini tatu, na jina nzuri kwa manguo ya ndoa. Bibi yake Odette na batoto yao batatu balikula juu ya ile atelier, na miye pia, niseme kweli. Basi Kalenga akasikia kama kampuni moja itauza pikipiki ya Kingereza, ya zamani sana, na kama kuko Bwana Chanda wa Ndola anaitafuta kwa moto. Ku munada hakuna kulipa kesho, ni mukononi, siku ile ile. Kalenga akaenda kwa muzee Donatien, akamuuzia atelier pamoja na mashini. Donatien, muntu wa Mungu, akamuambia: «Mwana, ukirudisha feza mbele ya magaribi ya siku ya Mungu, chukua funguo yako. Kisha pale, hapana.»

Munada ilikuwa siku ya tano, siku mbili mbele ya ile siku ya Mungu. Nilienda mwenyewe ku ukuta, nikamuita Mekanisien.

— Mekanisien, mutoto ameuza atelier.

— Nimesikia.

— Umukatalie.

— Nilimukatalia, Mama Kalenga. Anasema niko muzee wa wivu.

— Basi uende umuangalilie.

Akapangusa mikono na kitambaa. Kisha akasema: «Nitasimama. Lakini mukuye pamoja na miye, muone na macho yenu. Sitaki kesho maneno ipite juu ya ukuta.»

Siku ya kutangulia, Kalenga aliingia kusugua namba na karatasi. Namba ya tumbo ilikuwa safi. Ya shingo haikuonekana muzuri, rangi ilikuwa nzito juu yake. Mekanisien akageuza karatasi mu jua mara mingi. «Sijui,» akasema. Ni mara moja tu nilimusikia anasema sijui.

Siku ya tano tukasimama inje ya griyaje, yeye na miye, mavumbi nyekundu mpaka mu meno. Nyuma yetu barabara, na ile barabara njo inaenda ku makaburi. Ndani bantu balijaa. Kalenga alikuwa mbele, amevaa koti ya ndoa ya kushona mwenyewe. Bakaleta pikipiki: nyeusi, tanki na mustari ya zahabu, nzuri mpaka miye mwenyewe, mwenye sijui kitu, nikasema ee Mungu. Bakaanza kuisukuma moja kwa moja juu ya mavumbi, mbele ya bantu.

Mekanisien hakuangalia pikipiki. Aliangalia chini, nyuma yake.

— Mama Kalenga, unaona mistari ngapi?

— Mistari ya nini?

— Ya mipira. Ku mavumbi.

Nikaangalia. Nikaona mbili.

— Pikipiki inapashwa kuacha moja, akasema. Mupira ya nyuma inafuata ya mbele kama mutoto nyuma ya mama. Hii chuma balikata katikati, bakaunga na ya ingine. Shingo ni ya pikipiki ingine. Ni maiti mbili mu sanduku moja.

Odilon alikuwa tayari anaita bei. Kalenga mukono juu. Muntu mwingine, munene, wa kofia ya majani, mukono juu. Kalenga akageuza shingo kutuangalia. Mekanisien akavaa kofia yake ya bulu, akaivuta mpaka ku masikio, muntu asiseme hakuona.

Kalenga aliona. Niliona namna uso yake ilianguka. Lakini mukono yake ikashuka. Nikapumua. Nikasema ndani ya roho: asante, Donatien atarudisha funguo, Odette atapika leo.

Na pale nikasikia nyimbo.

Zilikuwa zinatoka upande wa Katuba. Pikapu moja tu, nyeupe, ya kukodi, inaenda pole pole, sanduku ndani, bamama bamekaa juu ya mbao, na bantu nyuma ku miguu, si bengi. Ngoma moja. Haikukuwa kilio ya mukubwa. Kwetu, maiti inapopita, muntu anasimama, mwanaume anavua kitu yote iko ku kichwa. Hata mulevi. Hata muntu mwenye haamini kitu anavua, juu na yeye siku moja atapita.

Mekanisien alisikia mbele yangu. Aliangalia barabara, aliangalia griyaje. Ndani, Kalenga alikuwa angali anageuka kila mara, sawa muntu anangojea bamurudishie ruhusa. Mekanisien alijua. Sitaki muntu anidanganye kama alisahau: alijua.

— Usivue, nikamuambia.

— Mama Kalenga.

— Usivue, nakuomba na Mungu! Beko mbali, hawakuone. Ngoja kidogo.

Pikapu ikafika mbele yetu. Mekanisien akageuka akapa munada mugongo, akavua kofia, akaishikilia ku kifua.

Nikapiga makelele: «Kalenga! Kalenga, hapana!» Lakini ngoma ilikuwa kati yetu, na nyimbo, na makelele ya mule ndani. Niliona mukono ya mutoto yangu inapanda. Yule munene akapandisha. Kalenga akaangalia kichwa ya Mekanisien, wazi, nywele nyeupe, akapandisha tena. Na miye, ninaandika hii kwa haya, nilikamata ile kofia mu mikono ya Mekanisien, nikajaribu kumuvalisha kwa nguvu, mbele ya maiti, mbele ya bamama benye kulia. Mumoja juu ya pikapu akaniangalia. Mekanisien hakunisukuma. Alishika mikono yangu tu, akaikaza, akabakia amesimama mpaka muntu wa mwisho, mutoto mwanamuke wa viatu vya masomo, akapita.

Nyundo ikalia. Kalenga akaruka juu kwa furaha.

Tulirudisha ile pikipiki ku parseli yangu siku ile ile. Odette hakupika. Mekanisien alikuya na mapema kesho yake, akasafisha rangi ya shingo na petroli mbele yetu. Alama ya kuunga ikaonekana, kama kovu ya operasio. Na namba ya shingo, bamepiga mupya, juu ya ya zamani. Bwana Chanda alikuwa anakuya siku ya Mungu asubuhi.

Kalenga akaingia ndani ya garaje, akafunga mulango. Miye nilikuwa ku ukuta, nilisikia yote.

— Papa, uko na vyuma vya kupiga namba. Niliviona.

— Niko navyo.

— Piga namba nzuri. Paka rangi. Ni weye uliniingiza humu.

— Ni kweli. Ni miye.

— Basi?

— Basi nilikuharibia kazi, mwana. Nikuharibie na jina?

Kalenga akalia. Mutoto wa miaka makumi tatu na tano. Na miye sikungoja kesho, nikapita ku mulango ya Julienne, nikapiga magoti mbele ya ule muntu, ndani ya mafuta na vyuma, nikamuomba kitu ile ile mutoto yangu aliomba. Julienne akaniinua. Mekanisien akasema: «Mama Kalenga, simama, utaharibu kikwembe.»

Siku ya Mungu Bwana Chanda alifika na gari yake nzuri na miwani. Aliikunjia magoti ile pikipiki, akaipapasa. Kalenga hakusema kitu, hata uongo, hata kweli, alikuwa amekauka. Ni Mekanisien alitia kidole yake pale ku kovu.

— Hapa, Bwana. Bameunga hapa. Na namba hii ni ya mukono ya muntu. Moteur njo iko kweli, hiyo unaweza kuapa.

Bwana Chanda alisimama, akapangusa magoti. Akasema hanunue moteur bila mwili. Akamushukuru Mekanisien, akapanda gari. Saa kumi na mbili ya magaribi siku ile ikapita, na funguo ya atelier ikabakia kwa Donatien.

Nilikaa miaka saba bila kumusemesha Mekanisien. Miaka saba, ukuta moja. Chumvi haikupita tena. Muniruhusu niseme na yale mengine aliyafanya, juu ningeficha ningekuwa mushenzi: alifungua ile pikipiki kipande kwa kipande, akaandika barua na mukono yake kwa bantu ba Ndola na ba Likasi, na kwa muda murefu akauzisha moteur, tanki, taa, kila kitu na ukweli yake imeandikwa ku karatasi. Ile pesa yote alimupa Kalenga, kupitia dada yake Feza, juu miye nilifunga mulango. Kalenga akanunua mashini moja. Leo anashona chini ya baraza ya muntu mwingine. Odette anauza mikate. Hawakufwa. Lakini atelier, hapana, haikurudi.

Na ndani ya ile miaka nilifanya kitu moja. Nilitafuta kujua nani alikuwa mu sanduku. Nilitaka kujua ni kwa nani bamechinja atelier ya mutoto yangu. Niliuliza ku parokia, niliuliza kwa mwenye kukodisha mapikapu, mpaka nikapata. Nikaiweka ile jina, nikaichunga, juu ya siku nitamutupia ku uso.

Julienne alipokufwa nilienda ku kilio, nilikaa na bamama, sikumusogelea. Kisha mutoto yake mwanamuke akamubeba Mekanisien kwake ku Naviundu, karibu na muto. Mwaka huu, kisha mvua ya kwanza, nikasikia kama hana macho tena. Nikavaa, nikaenda.

Nilimukuta mu kivuli ya nyumba, ku kiti, mikono juu ya magoti. Ilikuwa safi, ile mikono. Sikupata kuiona safi siku hata moja, na ikanitisha.

— Ni nani?

— Sauti yangu umeisahau?

Akainamisha sikio upande wangu.

— Mama Kalenga. Ulikuya na miguu?

— Nilikuya na hasira. Ilinibeba.

Akacheka, kikohozi ikamukamata. Mutoto yake akaniletea kiti. Akauliza Kalenga, akauliza Odette, akauliza batoto na shule yao. Nilijibu kifupi. Kisha nikamuuliza ile kitu yenye ilinileta.

— Ulimujua ule maiti?

— Hapana.

— Hata kisha, haukuuliza?

— Deni ya kuvua kofia haiulizi jina.

— Miye niliuliza.

Akageuza uso upande wangu, macho meupe. Nilikuwa nimepanga ile maneno tangu miaka: kama alikuwa mama tu wa kuuza samaki ya kukausha, kama hakuna mukubwa alimulilia, kama pikapu ilikuwa ya kukodi na haikulipwa yote. Kama ni kwa muntu wa vile alitutupa. Nikafungua kinywa.

— Ngalula, nikasema. Alikuwa anaitwa Ngalula. Aliuza samaki ku Katuba, upande wa kisima. Alifwa na uzazi.

— Ngalula, akasema. Uzazi. Akaacha batoto?

— Bane, na ule mupya.

— Balikuwa nyuma ya pikapu?

Nikakumbuka viatu vya masomo. Miaka yote ile sikuwa nimeviwaza.

— Bane balikuwa, nikasema. Ku miguu.

Akatikisa kichwa, pole pole. Vidole yake ilisogea juu ya goti, sawa inatafuta karatasi ya kusugua.

— Unajua majina yao?

Nilijua. Nikasogeza kiti karibu na sikio yake, nikaanza na mukubwa.

— Kapinga. Nyuma yake Mutombo. Nyuma ya Mutombo, Tshibola, njo yule wa viatu. Na Kabeya. Ule wa mwisho, mama ya mama yake alimulea ku Kilwa, balimupa jina ya mama: Ngalula.